Subiri Jibu Kwanza

Sisi watu wa Myamba tuna ugonjwa mmoja, na Zipora alizaliwa nao: kudhani kila mtu anajua tunachokijua. Muulize mtu wa kwetu njia ya kwenda kwa fulani, atakwambia kata kona pale palipokuwa na mti. Mti wenyewe ulikatwa kabla hujazaliwa. Utaujulia wapi? Hilo ni lako.

Ugonjwa huo haukumzuia Zipora kupata kazi nzuri Same mjini, na kazi yenyewe, cheka ukipenda, ilikuwa ya kuwaeleza wasiojua. Tena si watu. Aliandika maelezo ya zana za kompyuta ili akili mnemba izisome na kuzitumia. Akili mnemba haina mikono. Inapewa zana hii ya kufungua, hii ya kupima, hii ya kuita, na kila zana inaandikiwa inafanya nini, itumike lini na isitumike lini. Zaidi ya hapo haijui kitu. Haijawahi kunyeshewa na mvua wala kuchomwa na mwiba.

Basi kamati ya maji ya Myamba ilipofunga lango jipya linaloendeshwa na mashine kwenye ndiva, nani mwingine angeandika maelezo? Ndiva ni bwawa letu la jadi. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi lango linafunguliwa, yanashuka mferejini mpaka kwenye tangawizi na maharage. Katikati ya safari hiyo mfereji unapita chini ya mwamba, kwenye handaki ambalo wazee walilitoboa kwa nyundo. Mtu mzima anaingia akiinama. Panaitwa Tumboni. Na kabla ya kufungua lango, pembe hupigwa kwenye mdomo wa Tumboni. Hilo mtoto wa Myamba analijua kabla hajajua kuandika jina lake.

Mpiga pembe alikuwa baba yake Zipora, mzee Manase, mpaka magoti yalipomkatalia. Zipora aliketi naye jikoni, akamuuliza taratibu za lango, akaziandika. Pembe ikarekodiwa, spika na maikrofoni vikafungwa pale mdomoni, na akili mnemba ikakabidhiwa kazi. Watu wakaipa jina: Mgeni. Ilianza baada ya Pasaka, na wazee wakatania kwamba mgeni huwa siku mbili, ya tatu unampa jembe, ila huyu kapewa jembe kabla hajakaribishwa chai.

Ikafika Jumamosi ya msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hutoka kusafisha mfereji. Mwenyekiti wa kamati, Godwin, alimpigia Zipora simu kuuliza kama Mgeni azimwe wakati watu wako Tumboni wakitoa matope. Zipora akamwambia hakuna haja. Pembe itapigwa, watu watajibu, Mgeni atasubiri. "Ndiyo maana nimempa pembe, mwenyekiti." Alisema hivyo kwa kujivuna kidogo, maana kazi ile aliipenda.

Asubuhi hiyo yeye alikuwa Same ofisini, chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, na mwenzake Irene, msichana wa Dodoma ambaye mfereji wa mlimani aliuona kwenye picha tu. Irene alikuwa anajifunza kazi. Zipora akamfungulia maelezo ya Mgeni ayasome kama mfano wa kazi safi.

Irene akasoma kwa sauti. "Zana ya pembe. Hupiga pembe kwenye mdomo wa Tumboni. Tumia kabla ya kufungua lango. Subiri jibu kwanza." Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. "Nimeelewa. Ikijibiwa, inafungua."

Zipora akacheka. "Wewe nawe. Ikijibiwa maana yake kuna mtu ndani. Haifungui."

"Imeandikwa wapi hiyo?"

Zipora akanyoosha kidole kwenye kioo amwonyeshe. Kidole kikashuka mstari hadi mstari, kikafika chini, kikakosa pa kutua.

Akatazama saa. Mdogo wake, Clemence, ndiye aliyekuwa anaongoza watu wa Tumboni, kwa sababu ni mwembamba na ni mbishi, na saa ile alikuwa ndani ya mwamba na koleo mkononi. Mgeni angepiga pembe. Clemence angejibu, kama alivyofundishwa tangu utoto. Na Mgeni, aliyeambiwa asubiri jibu, angelipata.

Alipiga simu ya Clemence, haikupatikana. Nani anapata mtandao chini ya mwamba? Godwin hakupokea. Zipora akavuta kompyuta, akafungua maelezo, akaandika: Jibu maana yake kuna mtu ndani. Ukijibiwa, usifungue. Akahifadhi. Pembeni ya kioo kumbukumbu za Mgeni zilikuwa zinajiandika zenyewe, mstari baada ya mstari, bila haraka.

Ndiva imejaa. Pembe imepigwa. Majibu yamepatikana, sauti kadhaa. Naenda kufungua lango.

Kisha hakuna kitu. Irene alikuwa amesimama nyuma yake, kamshika mabega.

Maelezo yamebadilika, nayasoma upya. Kuna watu ndani. Sifungui.

Zipora akaweka kichwa juu ya meza, akalia bila aibu. Irene akamwacha alie, kisha akavuta kiti. Huyu binti nilimpenda kwa hili: hakumpa pole, alimpa kazi. Akaanza kumuuliza maswali ya mtu asiyejua kitu. Mgeni atajuaje kwamba wametoka? Zipora akafuta macho, akasema kwetu anayeingia hujibu pembe kwa jina lake, na akitoka hulitaja tena jina lake mwenyewe mbele ya mpiga pembe. Majina yakishatoka yote, maji yanaachiwa. Irene akasema, haya, andika. Na mtu akijibu halafu asitoke? Basi lango halifunguliwi. Andika. Na mtu anaweza kumtajia mwenzake? Hapana, haijawahi kuwa hivyo. Andika na hiyo.

Wakamaliza. Yalikuwa maelezo mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na kila sentensi ilimfanya aone aibu kwamba haikuwepo.

Irene alikuwa bado anakitazama kioo. "Dada Zipora, nisamehe, kuna kitu sijaelewa. Tangu Pasaka Mgeni alikuwa anasubiri ajibiwe ndipo afungue. Na amekuwa anafungua kila siku."

"Ndiyo."

"Sasa siku hizo zote nani alikuwa anamjibu?"

Zipora akavuta kompyuta karibu. Akarudi kwenye kumbukumbu za siku ya kwanza. Mgeni alipiga pembe alfajiri, akasubiri. Hakuna aliyekuwa amemwambia asubiri mpaka lini, basi akasubiri tu, kukapambazuka, watu wakaenda mashambani, wengine wakanywa chai ya saa nne. Ndipo ukaja mstari: Jibu limepatikana. Sauti moja, ya mwanamume. Maneno hayakueleweka. Nafungua lango. Siku ya pili jibu lilikuja mapema zaidi, na ya tatu mapema zaidi. Kufikia wiki ya pili pembe ilikuwa haijamaliza kulia, jibu limeshafika.

Alijiambia ni mwangwi. Lakini alikulia pale, anajua Tumboni hapana mwangwi; handaki limepinda na linameza sauti.

Mchana Clemence akapiga simu, anacheka, ana njaa, wametoka wote, mfereji unang'aa. Maji yaachiwe sasa. Zipora akasoma kumbukumbu. Mgeni alikuwa amepiga pembe tena, na majina yalikuwa yameingia sawasawa, kila mtu akiitikia pembe kwa jina lake na kulitaja tena alipotoka, Clemence wa mwisho. Na chini yake:

Hajatoka: Eliamini. Sifungui.

Ngoja nimseme Eliamini, maana wewe si wa Myamba na nimeshaona madhara ya kutokueleza. Alikuwa kaka yake mzee Manase, aliyemtangulia kuzaliwa. Aliingia Tumboni kuzibua majani, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijakaa vizuri, na mtunza lango wa wakati ule akafungua bila kuita. Maji yalitoa kofia yake upande wa pili. Yeye hayakumtoa. Kaburini pake pale nyumbani mchungaji alizika kofia. Desturi ya pembe na majina ilianzia hapo, na Manase aliomba mwenyewe awe mpiga pembe, angali mvulana. Jina la Eliamini halitajwi karibu na Tumboni. Hata mlevi halitaji.

Zipora alimsomea Clemence mstari ule kwenye simu. Clemence akaacha kucheka. "Dada, sisi hatujamtaja mtu huyo," akasema. "Naapa."

Maji hayakuja siku ile, wala Jumapili, wala siku zilizofuata. Kila asubuhi Mgeni alipiga pembe, akaandika kwamba amejibiwa, na kwamba aliyejibu ni Eliamini, na kwamba hajatoka. Ndiva ikajaa mpaka maji yakamwagikia korongoni, na huku chini majani ya tangawizi yakaanza kuwa manjano pembeni. Godwin akapiga simu. Alikuwa mtu mpole, lakini tangawizi ilikuwa yake pia.

"Zipora, itoe hiyo habari ya pembe kwenye maelezo. Mgeni afungue tu maji yakijaa."

"Mwenyekiti, lango lina mpini. Si mnaweza kufungua kwa mkono?"

Godwin akashusha sauti. "Nimekwenda pale na mpini mkononi," akasema. "Nimerudi nao. Wewe ungeweza, ukishajua nani kaitika?"

"Sasa mnataka nimwambie Mgeni afanye ambacho nyinyi hamthubutu?"

"Mgeni hana ndoto mbaya."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli ule ulimkasirisha Zipora. Angefuta mistari michache tu, maji yangeshuka na kila mtu angelala usingizi wake. Halafu msaragambo mwingine ungefika, na Clemence na wenzake wangeingia Tumboni, na wangekaa wakingoja kuitikia pembe isiyopigwa. Irene naye alishauri kwa nia njema, kama kazi yao inavyofundisha: weka kikomo cha kusubiri, nusu dakika, pakiwa kimya afungue. Lakini hapakuwa kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Akapanda gari la asubuhi kwenda Myamba.

Alimkuta baba yake amekaa uani, fimbo kati ya magoti. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, kisha hakuna la zaidi. Mama yake, Agatha, alimwambia kwa ishara kwamba mzee yuko hivyo tangu Jumamosi, hali vizuri. Zipora akavuta kigoda.

"Umelisikia jina, baba?"

"Kijiji kizima kimelisikia." Mzee akachora chini kwa fimbo. "Mimi nimepiga pembe ile toka utoto wangu mpaka nimekuwa kikongwe. Kila asubuhi. Hakunijibu hata siku moja. Kimekuja chombo cha juzi, hakina mama wala baba, anakijibu. Nimemkosea nini kaka yangu?"

Hakuwa na woga hata chembe. Alikuwa ameumia, kama mtu aliyepitwa mlangoni kwake na ndugu aliyekwenda kusalimia kwa jirani.

Zipora akamweleza. Hakutumia maneno ya ofisini. Alimwambia Mgeni si hodari kuliko yeye; Mgeni aliambiwa asubiri jibu na hakuambiwa mpaka lini, basi siku ya kwanza akasubiri kutoka alfajiri mpaka saa ya chai. "Wewe ulikuwa unasubiri kiasi gani, baba? Sikukuuliza."

"Nilikuwa nasema Baba Yetu. Nikifika amina, nafungua."

"Moja?"

"Moja." Mzee akamwangalia bintiye, macho yake yamejaa maji. "Na nilikuwa naisema haraka, mwanangu."

Wakakaa. Kuku wakapita. Kisha mzee akaomba koti lake.

Kutoka nyumbani mpaka Tumboni ni mwendo mfupi kwa mwenye magoti, na wao ulikuwa mrefu. Ukungu ulikuwa umeshuka na kufunika migomba yote. Mdomo wa handaki ulikuwa mweusi, matope yakiwa yamesafishwa vizuri, na juu yake spika na maikrofoni vimefungwa kwenye nguzo. Zipora alishika simu, kumbukumbu za Mgeni zikiwa mbele yake. Mzee akajiegemeza kwenye jiwe, akavua kofia.

Pembe ikalia. Zipora alikuwa ameirekodi mwenyewe, lakini pale ilimpiga kifuani. Kwenye simu mstari ukatokea: Aliyejibu: Eliamini. Masikio yake yeye hayakusikia ila tone la maji likidondoka mahali ndani ya mwamba.

"Kajibu," akamwambia baba yake.

Mzee hakumgeukia. Akaanza kusema kuelekea lile giza, kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama unavyozungumza na mtu aliye chumba cha pili. Alimwambia kaka yake kwamba lango limefungwa. Kwamba hakuna atakayefungua, hata tangawizi yote ikauke. Kwamba yeye ni Manase, asimshangae kuwa mzee, ndiyo mambo ya dunia. Kwamba mama yao alimngoja mpaka akafa. Kwamba atoke polepole, achunge kichwa pale handaki linapopinda, hakuna haraka. Akamaliza, akasubiri. Zipora akajikuta anaisema Baba Yetu moyoni, akafika amina, akaanza tena, akaanza tena. Ukungu ukapanda na kushuka. Miguu ilimfia ganzi na hakuthubutu kuihamisha.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Mzee Manase alijiinua kwenye jiwe, akapiga hatua moja pembeni, jinsi unavyompisha mtu kwenye njia nyembamba. Hakutamka kitu, Zipora alikuwa anamtazama mdomo. Simu ikatetemeka kiganjani mwa Zipora.

Eliamini ametaja jina lake. Ametoka. Hakuna aliyebaki ndani. Nafungua lango.

Huko juu chuma kikalia, na baada ya kitambo maji yakaja. Yalipita Tumboni kwa kishindo, yakatoka upande wa chini yakiwa meupe kwa povu. Zipora alipogeuka, baba yake alikuwa ameshashika njia ya nyumbani. Alitembea ukingoni kabisa, kwenye majani yenye umande, na njia yenyewe akaiacha wazi. Kwenye mteremko aliposimama kupumzika, alinyoosha mkono kidogo, kiwiko kimekunjwa, kama anayemwegemeza mtu. Zipora alifuata kwa mbali. Hakutaka kukanyaga pale palipoachwa wazi, na akapita majanini yeye pia.

Uani, mama Agatha alikuwa anapakua. Alimwona mumewe akiingia, akaona alivyosimama mlangoni na kungoja kwanza, ndipo akapita. Hakuuliza swali. Aliolewa katika ile nyumba na kuona kaburi lenye kofia ndani yake kila siku ya maisha yake. Akachukua bakuli la nne, akalisuuza, akalijaza uji, akaliweka mbele ya kiti kilichokuwa karibu na moto. Kisha yule bibi mwenye mvi akapiga goti kidogo mbele ya kiti kitupu.

"Shikamoo shemeji," akasema.

Mzee Manase akamtazama binti yake. Hakuhitaji kusema, mtoto aliyelelewa hukumbushwa mara moja. Simu ilikuwa inaita mfukoni, huenda ni Godwin na shukrani zake za maji, na Zipora akaizima. Akasogea mbele ya kile kiti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba mkubwa," akasema.

Kisha akasubiri.